Mjusi Aliyekataa Chakula

1. Mjusi mwenye ndevu

Watoto wengi wa Afrika ya Mashariki wamemwona yule mjusi mkubwa wa mawe, ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Asubuhi, jua lipandapo, hutoka katika ufa wa jiwe, akajinyosha juani, akainua kichwa na kukishusha kana kwamba anawaamkia wapitao. Mjusi huyo anao ndugu katika nchi nyingine, maana jamaa yao ni kubwa, nao wameenea Afrika, Asia na Australia. Mmoja wa jamaa hiyo ndiye mjusi mwenye ndevu, ambaye habari zake zimo katika somo hili.

Nchi yake ni Australia, wala si pwani penye mvua, bali bara, mahali pakavu penye mchanga mwekundu, vichaka na miti michache. Mwaka 1926 mtaalamu mmoja Mjerumani, jina lake Ernst Ahl, alimwandika katika elimu ya wanyama na kumpa jina la kitaalamu. Urefu wake tangu pua hata ncha ya mkia hufika sentimeta 40 hata 60. Rangi yake ni kama ya mchanga au majani makavu, na ubavuni ana safu za miiba ambayo ukiigusa haichomi. Chini ya kidevu ana ngozi yenye miiba ya namna hiyo hiyo. Akiogopa au akikasirika huivimbisha ngozi hiyo, nayo hugeuka nyeusi, ikaonekana kama ndevu za mzee. Ndiyo asili ya jina lake. Tena mijusi hawa wana desturi ya ajabu: mdogo akutanapo na mkubwa wake huinua mkono mmoja na kuupunga polepole, kama kwamba asema, "Mimi ni mdogo, sitaki ugomvi."

Serikali ya Australia imekataza kwa sheria kuwauza nje ya nchi wanyama hai wa porini kama hawa. Walakini wako waliofika nchi za mbali zamani, wakazaana huko; kwa hiyo mijusi wengi sana huzaliwa na kulelewa katika nyumba za watu huko Ulaya na Marekani. Watoto wa huko huwafuga kama wengine wafugavyo paka au njiwa. Mjusi mwenye ndevu ni mpole, hukaa juu ya bega la mwenyewe bila kukimbia, naye akitunzwa vema huishi miaka 10 hata 15.

2. Jua ndilo kuni zake

Mwili wa mtu una joto lake wenyewe, usiku na mchana, wakati wa baridi na wakati wa hari. Mjusi sivyo alivyo. Hana moto wa ndani wa kumtosha. Joto la mwili wake hutoka nje, katika jua na katika jiwe lililopashwa na jua. Jua likizidi huingia kivulini. Baridi ikizidi hutoka tena juani. Hivyo ndivyo anavyoupima mwili wake kutwa nzima.

Mtu amfugaye mjusi huyu katika nchi ya baridi hana budi kumpa jua la nyumbani. Humtengenezea kizimba cha mbao chenye kioo mbele, akatundika taa ya joto upande mmoja. Mahali pa kuota moto, chini ya taa hiyo, pawe na joto la digrii 38 hata 42 za Sentigredi. Upande wa pili uwe wa baridi kidogo, kama digrii 25, ili mjusi achague mwenyewe. Tena iwepo taa ya pili, itoayo ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Kwa miali hiyo mwili wa mjusi hutengeneza vitamini D, na bila vitamini D mwili hauwezi kuitumia kalsiamu, ambayo ndiyo ijengayo mifupa. Mjusi akosaye miali hiyo mifupa yake hulegea ikapindika. Hata taa yenyewe huchakaa: mwanga wake waweza kuonekana vilevile, kumbe miali ile imekwisha pungua. Kwa sababu hiyo wafugaji huibadili kila baada ya miezi 6 hata 12, kwa kufuata maagizo ya waliyoitengeneza.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni hili: joto ndilo lisagalo chakula cha mjusi. Tumbo lake ni kama chungu, na jua ndilo kuni. Chungu kisicho na moto hakiivishi kitu, hata kikijazwa nyama tele. Chakula kikikaa katika tumbo la mjusi aliye baridi hakisagiki. Hukaa tu, kikaoza, kikamdhuru. Mjusi mwenyewe hulijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu, na mwili ukipoa huacha kula.

3. Wageni wa tumboni

Kama vile mtu awezavyo kuwa na minyoo, mjusi naye aweza kuwa na wageni tumboni mwake. Wako minyoo wembamba wafupi, waonekanao kama vipande vya uzi mweupe. Wakiwa wachache, mara nyingi hawamdhuru. Wakizidi humletea taabu. Wako na wengine wadogo mno, waitwao koksidia, ambao hawaonekani ila kwa hadubini. Hao huingia katika ngozi ya ndani ya matumbo, wakazaana humo na kuiharibu. Mjusi mwenye koksidia wengi huharisha, choo chake hunuka vibaya, pengine huwa na damu; naye hukonda, akalala tu.

Koksidia hutoka pamoja na choo wakiwa ndani ya maganda magumu, kama mbegu. Maganda hayo huhitaji kukaa nje kwa muda kabla ya kuweza kuambukiza. Kisha mjusi hukanyaga choo, akalamba sakafu au akala jani lililoanguka penye uchafu, nayo huingia tena tumboni mwake. Hivyo mgonjwa hujiambukiza mwenyewe mara kwa mara, na kazi ya dawa hurudi nyuma.

Daktari wa wanyama hatoi dawa kwa kubahatisha. Kwanza hutaka kuletewa choo kibichi cha mjusi, akakitazama kwa hadubini, akajua ni mgeni gani aliyemo na wingi wake. Dawa ya minyoo si dawa ya koksidia. Kisha humpima mjusi uzito, maana kipimo cha dawa hufuata uzito wa mwili. Dawa ikizidi ni sumu. Iko dawa moja ya minyoo, iitwayo fenbendazoli, ambayo imewasaidia wanyama wengi. Lakini ikizidi kipimo huweza kuuharibu uroto wa mifupa, mahali pa kutengenezea damu. Na dawa za salfa, zitumikazo kwa koksidia, hudhuru figo za mnyama asiyepata maji ya kutosha. Kwa hiyo mtu asimpe mjusi dawa aliyoinunua dukani kwa kukisia.

4. Dawa imekwisha, chakula hakiliwi

Tumfikirie sasa mvulana mmoja wa Uingereza, mwenye umri wa miaka 12, awe mfano wetu. Dada yake mkubwa alikuwa na mjusi mwenye ndevu aitwaye Sandy. Dada huyo alipokwenda kusoma katika mji wa mbali alimwachia ndugu yake mjusi, akamwambia, "Nimemlea tangu alipokuwa mdogo kama kidole. Mtunze kama ningalivyomtunza mimi."

Mwanzo wa majira ya baridi Sandy akaanza kuharisha. Mama na mtoto wakampeleka kwa daktari wa wanyama, akakuta koksidia wengi katika choo chake. Akawapa dawa ya maji ya kumtilia kinywani kwa sirinji ndogo, pamoja na agizo la kukisafisha kizimba chote. Mtoto akafanya yote kwa bidii. Akatoa mchanga, akatandika karatasi, apate kuzibadili kila siku. Lile gogo ambalo Sandy alizoea kulipanda na kuota moto akalitupa, kwa kuwa lilikuwa na nyufa nyingi zilizoingia uchafu. Akaosha kuta zote. Siku za dawa zikatimia. Choo kikaacha kunuka.

Lakini Sandy hakula. Mtoto akamwekea nyenje, wakamrukia puani, naye akafumba macho. Akamwekea majani, yakanyauka. Siku ya kwanza, ya pili, hata ya sita, mambo yakawa yale yale. Kabla ya ugonjwa mizani ya gramu ilionyesha 410. Sasa ilionyesha 352. Mkia wake, uliokuwa mnene penye shina, ulikuwa umeanza kuonyesha mifupa. Usiku mtoto hakupata usingizi, akifikiri ni habari gani atakayompelekea dada yake.

Asubuhi mama yake alimkuta amemshika mjusi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ana kijiko cha boga lililopondwa, anajaribu kumpanua taya.

Mama akasema, "Mwache kwanza, mwanangu. Twende kwa daktari, tujue kwa nini hali, kabla ya kumlazimisha."

5. Maswali ya daktari

Daktari akamtazama Sandy kinywani, akamgusa tumbo, akaibana ngozi yake kidogo aone kama yarudi upesi. Haikurudi upesi, maana yake mwili ulikuwa umepungukiwa na maji.

Mtoto akasema, "Daktari, anakufa kwa njaa. Kwa nini tusimtie chakula kwa nguvu?"

Daktari akamjibu, "Nitakujibu, lakini wewe nijibu kwanza. Kizimba chake ulikisafishaje?"

Mtoto akamweleza habari za mchanga, karatasi na kuta.

"Na zamani alikuwa akiota moto mahali gani?"

"Juu ya gogo."

"Gogo liko wapi?"

"Nimelitupa, Daktari, kwa sababu ya uchafu."

"Ulifanya vema kulitupa. Sasa aota moto wapi?"

"Juu ya karatasi, chini ya taa."

"Na joto la pale penye karatasi umelipima?"

Mtoto akanyamaza. Taa ilikuwa ile ile, wala haikuzimika hata siku moja. Hakufikiri ya kuwa joto laweza kupungua. Jioni hiyo, walipofika nyumbani, akaweka kipimajoto juu ya karatasi. Kikaonyesha digrii 29. Akakishika juu, mahali gogo lilipokuwa. Kikaonyesha 40.

Hapo akafahamu. Mjusi alikuwa amekaa siku nyingi chini ya jua ambalo halimfikii. Ile miali isiyoonekana nayo ilimfikia kwa uchache, maana kadiri kitu kinavyokuwa mbali na taa ndivyo inavyopungua. Usafi ulikuwa wa lazima, lakini pamoja na uchafu lilitolewa na joto. Kuni za chungu zilikuwa zimeondolewa, na watu wakashangaa kwa nini chakula hakiivi.

6. Kwanza joto, kisha maji, mwisho chakula

Daktari alikuwa amewapa amri tatu, na kuwaonya wasizipindue. Ya kwanza joto, ya pili maji, ya tatu chakula.

"Mtu aliyetoka katika homa kali," alisema, "hapewi nyama na ugali siku ile ile. Hufunikwa apate joto, hunyweshwa, kisha hupewa uji mwepesi. Mjusi naye ndivyo."

Joto. Mtoto akatafuta jiwe pana la bapa, akalichemsha majini, akalikausha, akaliweka juu ya matofali mawili safi chini ya taa. Jiwe na tofali huoshwa kwa maji ya moto. Gogo lenye nyufa halioshiki vema. Akapima, akasogeza, akapima tena, hata akapata digrii 40 pale mgongo wa mjusi ulipofika. Taa zikawaka saa 12 kila siku na kuzimwa usiku, ili mgonjwa apate kulala. Sandy alipowekwa juu ya jiwe alitulia muda mrefu, akaupanua mwili wake ukawa bapa kama chapati. Ndivyo mijusi wafanyavyo wakitaka kulipokea joto kwa mgongo wote.

Maji. Daktari alimtia maji ya dawa chini ya ngozi kwa sindano. Nyumbani mtoto alimwogesha kila siku katika beseni, maji yakiwa vuguvugu na kina chake kisipite viwiko vya mjusi, kwa muda wa dakika 15. Hakumwacha peke yake hata kidogo, kwa kuwa mjusi dhaifu aweza kuzama katika maji machache. Mijusi wa nchi kavu wengi hawajui kunywa katika bakuli lililotulia, hulamba matone. Basi mtoto akamdondoshea matone puani, na siku ya tatu Sandy akatoa ulimi, akalamba mara kumi na zaidi. Baada ya kuoga alitoa choo, maana maji ya vuguvugu huyaamsha matumbo. Kisha alifutwa vizuri na kurudishwa juu ya jiwe lake, asipate baridi.

Chakula. Hapo ndipo ilipotakiwa subira. Matumbo yaliyotafunwa na koksidia ni kama ngozi yenye vidonda. Tena dawa zenyewe huweza kuchafua tumbo, na vile vijidudu vyema vinavyosaidia kusaga majani huweza kupungua. Zaidi ya hayo, mjusi aliyekamatwa kila siku na kutiliwa dawa kinywani huuogopa mkono unaomjia. Kwa hiyo mtoto aliambiwa asimwonyeshe chakula kutwa nzima, wala asimsumbue kwa kumshikashika. Chakula kiwekwe saa mbili baada ya taa kuwashwa, mwili ukiwa umekwisha pata joto. Kiondolewe baada ya muda kama hakikuliwa. Wala asipewe kitu karibu na wakati wa kuzima taa, kisije kikalala katika tumbo lililopoa.

7. Vyakula vya mgonjwa

Mjusi mkubwa mwenye afya hula zaidi majani, na wadudu kwa kadiri. Mdogo hula zaidi wadudu. Kwa mgonjwa huchaguliwa vile vilivyo laini na vyenye maji. Viwavi wa hariri ni wazuri sana, kwa sababu ni laini, hawana ganda gumu, nao hutambaa polepole mbele ya macho yake. Funza wa nzi mweusi nao hufaa, maana wana kalsiamu nyingi. Boga lililopikwa na kupondwa bila chumvi wala mafuta hulainisha tumbo. Majani ya sukuma wiki na ya haradali, yakikatwa vipande vyembamba na kunyunyiziwa maji, yaweza kumvuta.

Viko vitu vya kuepukwa. Mdudu asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Nyenje hai wasiachwe kizimbani usiku, kwa kuwa humtafuna mjusi aliyelala. Wadudu wa bustanini wasitumiwe, maana pengine wamekula majani yaliyotiwa dawa ya kuua wadudu. Parachichi ni sumu kwake. Mchicha wa Kizungu usiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa huizuia kalsiamu isitumike mwilini. Na vimulimuli wasikaribishwe kabisa: wale wa Marekani wana sumu kali, na mmoja tu aweza kumwua mjusi mzima.

Ama kumlisha kwa nguvu, daktari alisema hivi: "Njia ya pumzi ya mjusi iko karibu na shina la ulimi. Asiyejua akisukuma chakula, huweza kukipeleka mapafuni. Tena taya zake ni nyembamba, huvunjika. Uzito wake ukishuka chini ya gramu 340 mlete siku hiyo hiyo, nami nitamlisha uji wa wagonjwa kwa sirinji na kukufundisha namna yake. Lakini kwanza tumpe nafasi ya kula mwenyewe."

8. Daftari la mtoto

Kila asubuhi kabla ya chakula mtoto alimpima Sandy na kuandika katika daftari. Siku ya kwanza, gramu 352. Siku ya tatu, 349. Siku ya tano, 346. Na siku hiyo alikuwa ametoa choo, ndiyo maana uzito ulipungua. Bado gramu 6 tu kufikia ile hesabu ya hatari. Mama akaweka tayari kisanduku cha kumchukulia.

Siku ya sita mtoto aliweka kiwavi mmoja wa hariri juu ya jiwe, akaondoka, akasimama mbali karibu na mlango. Kiwavi akatambaa. Sandy akageuza jicho moja. Akainua kichwa. Ulimi ukatoka, kiwavi akatoweka. Mtoto hakupiga kelele, alikwenda jikoni kwa mama yake akamnong'oneza, "Amekula mmoja."

Hakumpa wa pili mpaka kesho yake, maana haraka haraka haina baraka. Siku ya saba Sandy alikula viwavi wawili, akalamba na boga. Mizani ikaonyesha 346, haikushuka. Siku ya tisa ikaonyesha 350. Majuma mawili baada ya dawa kwisha walipeleka choo tena kwa daktari, akatazama kwa hadubini, asione koksidia. Kwisha kwa miezi miwili mizani ilionyesha 405, na Sandy alikuwa akila majani yake yote, akivimbisha ndevu kila alipomwona paka wa jirani dirishani.

Kama vile mijusi wengine, angaliweza pia kukataa chakula kwa sababu isiyo ya ugonjwa. Mjusi mkubwa mwenye afya huenda akalala majuma kadhaa wakati wa baridi bila kula, na uzito wake hupungua kidogo tu. Mizani ndiyo itofautishayo usingizi na ugonjwa. Mjusi anayekonda upesi, aliyezama macho, anayetoa damu katika choo, anayetetemeka miguu au asiyeweza kuinua kichwa, huyo asingojewe. Apelekwe kwa daktari.

9. Usafi wa mfugaji

Dawa huwaua wageni waliomo tumboni, lakini haiwaui waliomo sakafuni. Dawa nyingi za kusafishia nyumba haziyashindi yale maganda ya koksidia. Maji ya moto sana na mvuke huyashinda. Kwa hiyo choo kiondolewe mara kinapoonekana, kabla maganda hayajapata muda wa kuiva. Karatasi zibadilishwe kila siku. Bakuli na mawe yaoshwe kwa maji yanayochemka, mjusi akiwa ametolewa.

Mfugaji naye ajilinde. Mijusi, hata walio wazima, huchukua vijidudu viitwavyo salmonela, viwezavyo kumwumiza mtu tumbo na kumletea homa, hasa watoto wachanga na wazee. Baada ya kumshika mjusi sharti kunawa mikono kwa sabuni. Beseni lake lisitumike kwa chakula cha watu, wala kizimba chake kisioshwe jikoni.

10. Mafundisho ya somo hili

Yule mjusi wa mawe wa Afrika ya Mashariki aachwe mahali pake. Ana jua lake na wadudu wake, wala hahitaji kizimba. Lakini fundisho la Sandy lamfaa kila mtu afugaye, awe na mbuzi, kuku au ndama. Mnyama aliyetibiwa akikataa chakula, mfugaji asikimbilie kumfungua kinywa. Achunguze kwanza mahali alalapo, joto lake, maji yake, na jambo lililobadilika tangu siku ya ugonjwa. Mara nyingi sababu imo katika mambo ambayo macho yamezoea kuyapita. Tena apime na kuandika, kwa maana macho ya mwenye huruma hudanganya, mara yakimwonyesha nafuu isiyokuwapo, mara kifo kisichokuwapo, mizani haidanganyi. Kisha angoje kwa saburi, huku akijua siku ya kuacha kungoja na kutafuta msaada. Subira yavuta heri, lakini subira isiyo na macho ni uvivu.

Maswali

1. Mjusi mwenye ndevu alipataje jina lake?
2. Kwa nini tumbo la mjusi limefananishwa na chungu?
3. Taa ilikuwa ile ile; kwa nini basi Sandy alipata baridi?
4. Eleza kwa nini joto na maji hutangulia chakula.
5. Daktari alitoa sababu gani za kukataza kumlisha mjusi kwa nguvu?
6. Sandy alikuwa na gramu 410 kabla ya ugonjwa, na gramu 346 alipokonda kabisa. Alipungua gramu ngapi?
7. Fikiri juu ya mnyama mmoja afugwaye kwenu. Akikataa chakula, ni mambo gani matatu utakayoyachunguza kwanza?